Mkono Juu ya Rejeta

Mtaani kwetu Ng'ambo, Fundi alijulikana kwa mikono ya watu wengine. Ukimwona dereva vidole vimevimba na kucha imekuwa nyeusi, unamwuliza kama ametoka kwa Fundi, naye anacheka au anatukana. Mimi mwenyewe kidole changu cha kati, mkono wa kulia, hakikunjiki sawasawa mpaka leo. Alinipiga kwa mchi.

Kilikuwa ni kipande cha mchi wa kinu uliovunjika, amekikata urefu wa kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Alikiweka juu ya tofali, pembeni ya pale magari yanapoingilia, na kila mteja alikiona. Gari iliyochemsha ikiletwa kwake, mvuke unafoka chini ya boneti, dereva amechanganyikiwa na abiria wake wanagombana, mtu wa kwanza kupeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta alipigwa. Hakuonywa. Fundi alisema onyo lilishatolewa na mvuke.

"Mdudu yumo ndani," alikuwa akisema. "Umemfungia mwenyewe. Sasa unataka kumfungulia na uso wako uko hapo hapo?"

Amekufa mwaka huu. Mimi ni miongoni mwa waliomkosha. Nilipomgeuza ubavu nikaziona zile mbavu zilizounga vibaya na lile kovu la shingoni, na nikajua kila kimoja kilitoka wapi. Waliokuja kuzika walimsifu kwa kazi yake, na kweli alistahili. Lakini walipoondoka nilibaki naona kama wamemzika mtu mwingine. Ndiyo maana naandika. Fundi aliwahi kuwa mume wa dada yangu. Alikuwa mkali, alikuwa mpigaji, na miaka yake ya mwisho alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni dada yangu amsamehe kabla hajafa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa.

Nianze na kazi, maana yeye mwenyewe angeanzia hapo.

Alikuwa na utaratibu wake wa gari iliyochemsha, na hakuruhusu mtu aupunguze. Ukiona mshale wa joto unapanda, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita. Madereva wa watalii walimwona mwendawazimu. Mtu ana wageni wanaotoka jasho mpaka kwenye nyusi, halafu awashe hita kwenye jua la Unguja. Fundi aliwaambia hita inatoa joto kwenye injini na kulileta kwenu, kwa hiyo chagueni nani achemke. Kisha ukae pembeni ya njia, uzime, ufungue boneti kwa kitambaa, na usiguse kitu.

Ukingoja mvuke ukatulia, unaweka kiganja juu ya rejeta, pale kwenye bati la juu, na unasoma Alhamdu. Kimoyomoyo, bila ya kukimbiza. Ukiweza kuifikisha Amin na kiganja chako kiko pale pale, funga kitambaa kwenye kifuniko, geuza kidogo, mwache mdudu apumue, ndipo ufungue. Ukiuondoa mkono katikati, unasema "bado" na unarudi kukaa. Hilo neno ndilo lililosikika sana pale uwanjani kwake. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamesimama mstarini mbele ya magari yao, mkono juu ya rejeta, midomo inacheza, kisha mmoja anaruka na kusema bado. Mteja mmoja Mkristo, fundi seremala wa mtaa wa pili, alimwuliza yeye asome nini. Fundi akamwambia asome Baba Yetu, lakini asiruke mistari.

Hapo mtu atafikiri alikuwa mtu wa subira. Hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa nayo kwa injini tu.

Nilimwona Malindi ya hapa Unguja, kule bandarini, siku ya lile lori la saruji. Injini ya lori lile aliiunda upya mwenyewe, mwezi mzima wa Ramadhani, amefunga na mikono imo ndani ya oili. Lilichemsha kwenye foleni ya kuingia bandarini. Dereva hakutaka kupoteza nafasi yake. Alichota ndoo ya maji ya bahari akayamimina juu ya injini ya moto, akamalizia kwenye rejeta. Nilikuwa nyuma yake na pikapu yangu, nimepakia magunia ya mwani kutoka Matemwe, na mlio ule niliusikia. Ulikuwa kama mtu amevunja sahani ndani ya chungu. Chuma kilipasuka.

Fundi aliitwa. Alipofika, dereva alikuwa anataniana na wapagazi, anawaambia mwiteni tabibu, mgonjwa keshakufa. Fundi alimwendea moja kwa moja. Alimkamata kola akampiga kichwa cha pua. Dereva naye alikuwa mtu wa miraba minne. Akaokota mtaimbo akampiga nao ubavuni, na nikauona mwili wa Fundi unakunjika kama umekatwa kamba. Fundi akamng'ang'ania, akaanguka naye. Wakagaragara kwenye vumbi la saruji, na damu ilipochanganyika na saruji ikawa uji wa kijivu usoni mwao wote wawili, hujui nani ni nani. Wapagazi walipowatenganisha, dereva alikuwa ameshika sikio analia. Fundi akatema. Nilikiona alichokitema na sitakisema.

Kisha, na mbavu zimevunjika, akaingia chini ya lori. Alilala chali pale akipapasa ufa kwa vidole, anapumua kwa kukatakata, na tukamsikia anazungumza na ile injini, anaiambia pole.

Alilala rumande kwa ajili ya sikio lile. Alipotoka nilimwuliza kama anajuta. Akaniambia, "Kwa injini, ndiyo."

Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo sijalielewa mpaka leo. Mtu huyu aliyewavunja watu vidole kwa kutoheshimu joto alikuwa akikata nyaya za taa ya onyo. Ile taa nyekundu ya dashibodi, yenye picha ya kipimajoto kinachoelea majini, hakuipenda. Alisema taa inamfanya dereva mvivu. Anakaa anaingoja taa badala ya kusikiliza, na taa nyingine zinawaka ovyo kwa kutu ya bahari. Kila gari iliyoingia kwake ilitoka bila ya taa ile. Alitaka uangalie mshale, unuse, usikilize feni. Maji ya kijani ya kwenye chupa, yale ya rejeta, aliyataka na akayaheshimu. Taa hakuitaka.

Siku moja nilikuwa natoka Matemwe na mzigo. Kina mama wa mwani walikuwa wamenisaidia kujaza maji asubuhi, na walichota kwenye kisima cha karibu na ufukwe, kile ambacho maji yake ukioga yanakuachia chumvi mwilini. Hatukufikiri. Huko watu wote hujaza maji hayo hayo. Mshale wangu ulikuwa umekufa zamani. Taa haipo. Nilikuja kushtuka injini inagonga kama mtu anabisha mlango kwa ngumi, na pikapu ikafa katikati ya mashamba.

Fundi alikuja na pikipiki ya kuazima. Aliangalia, akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akanizaba kofi ambalo lilinikalisha kwenye majani.

"Umeipika," akasema. "Umeipika kwa chumvi kama pweza."

Nikamwambia kwamba taa aliikata yeye.

Aliichungulia dashibodi. Kisha akaufuata ule mchi, aliokuja nao umefungwa kwenye pikipiki, na akaanza kuipiga boneti. Aliipiga mpaka rangi ikatoka, mpaka kioo cha mbele kikaota nyufa, mpaka mkono wake mwenyewe ukachanika. Mimi nimekaa kwenye majani, shavu linawaka moto, namwangalia. Alipochoka alikaa karibu yangu. Injini akaja kuiunda upya, na waya wa taa akaurudisha. Wangu peke yake. Magari ya wengine aliendelea kuyakata.

Shavu lake la kushoto na upande ule wa shingo vilikuwa vimeungua, ngozi imekunjamana na inang'aa kama karatasi ya sukari guru. Watu wa mtaani walikuwa na hadithi yao. Walisema ujanani alifungua rejeta ya moto ikamuunguza, na tangu hapo ndipo akawa mkali, anawapiga watu ili yasiwafike yaliyomfika. Ni hadithi nzuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuwahadithia watu, na nilipoihadithia, Fundi alionekana bora, nami nilijiona bora kwa kuwa rafiki yake. Siku moja nikamwuliza mwenyewe.

Alikuwa anakula mihogo ya nazi. Akameza kwanza.

"Niliungua kweli," akasema. "Lakini nilikuwa napiga watu kabla ya hapo, shemeji. Usinitafutie sababu."

Hakupata kuniambia neno la ukweli zaidi ya hilo, isipokuwa moja, na hilo nitalifikia.

Nyumbani kwao, yeye na dada, nilikuwa nikienda siku za Ijumaa baada ya sala. Nyumba ilikuwa na joto, bati la chini, dirisha moja. Umeme ukikatika, Fundi alikuwa akichukua kipepeo cha ukili na kumpepea dada yangu. Yeye amelala, huyu amekaa kwenye kigoda, mkono unakwenda na kurudi, saa nzima, hajali kama mimi shemeji yake namwona. Nilimtania mara moja kwamba hata feni hupumzishwa. Akaniambia nyamaza utamwamsha. Dada alikuwa macho. Niliona anatabasamu, macho ameyafumba.

Mkono uliopepea ndio uliovunja. Hilo mtu akilisoma ataona nalipamba. Silipambi, alikuwa mtu wa mkono wa kulia.

Siku yenyewe kisa kilikuwa kidogo. Dada alimpelekea chakula kazini, akamkuta anamshika kichwa dereva mzee na kumsukuma kwenye ukuta, kisa kifuniko. Dada akamwambia mbele ya watu, muache mzee wa watu, hujui hata kuona haya. Fundi alimwacha yule mzee. Walipofika nyumbani aliuchukua mchi. Dada aliinua mkono kujikinga.

Alikuja kwetu mkono ameufunga kwa kanga, uso mkavu, akamsalimu mama, "Shikamoo mama," mama akajibu marahaba kabla hajaangalia. Kisha akaangalia. Mfupa ulikuwa unaonekana mahali usipopaswa kuonekana.

Mimi nilikwenda uwanjani. Mchi ulikuwa juu ya tofali lake, umesharudishwa, na hilo ndilo lililonipandisha wazimu, kwamba aliurudisha mahali pake. Niliuchukua. Nilimpiga begani, nikampiga mgongoni, nikampiga mdomoni. Meno yalitoka. Wateja walikimbia. Yeye alisimama tu, mikono chini, damu inamwagika kwenye fulana, na hakuinua hata kidole. Kule kutoinua mkono kulinikera, nikampiga zaidi. Walionishika walikuwa watu wa banda la mkaa la pembeni. Fundi akawaambia waniache nimalize.

Sikumaliza. Nikautupa mchi jaani, nikaondoka. Wiki iliyofuata alikuwa na mchi mwingine.

Dada alidai talaka akapewa. Mkono uliunga vibaya, hauinuki kupita bega, na akiwa anafua utamwona anapumzika. Hakuolewa tena, na hakumtaja. Akisikia jina la mtaa ule hugeuka kutafuta kitu.

Nami nilirudi kwa Fundi. Wapo wanaosema sikupaswa. Nilirudi kwa sababu gari ilichemsha, na nilizoea mkono wake juu ya injini yangu, na nilimkosa. Siku hiyo aliifanya kazi yote. Nilipokuwa naondoka akaja dirishani kwangu, mdomo wenye mapengo yangu.

"Mshale niliuona, shemeji," akasema. "Niliuona unapanda. Ulianza hapa tumboni, ukaja kifuani, ukafika shingoni. Nnavyoujua mimi moto, nani atanifundisha? Niliuona wote. Nikaendelea kuendesha."

Kisha akaniomba nimfikishie dada salamu, na kwamba anaomba radhi. Nikafikisha. Dada alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Kila Ramadhani ikikaribia, Fundi alinituma. Kila Ramadhani nilirudi sina kitu. Hakuninung'unikia hata mara moja. Alikuwa akiuliza, "Amesemaje?" na mimi nasema hajasema, na yeye anasema, "Haya," anarudi chini ya gari.

Asidhani mtu kwamba alibadilika. Mwaka huo huo wa kwanza baada ya talaka alimvunja taya mtu aliyemwuzia maji ya rangi ya kijani akidai ni dawa ya rejeta.

Alianguka kwa presha. Alikuwa na dalili muda mrefu, kichwa kinagonga, macho yanaona vumbi, na kule hospitali walimpa vidonge ambavyo alivitia mfukoni mwa suruali ya kazi na kuvifua pamoja nayo. Upande wa kulia ulikufa. Mkono ule ukawa umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale. Maneno yake yalitoka kwa shida, lakini yalitoka.

Aliponituma mara hii sikumwambia dada kama kawaida. Nilimwambia ukweli, kwamba hatamaliza wiki. Nikamwambia pia kwamba halazimiki, na kama hataki kwenda nitaenda kumwambia Fundi hivyo hivyo. Alikaa jikoni mpaka wali ukaiva. Akapakua, akaosha mikono, akachukua buibui lake.

Ilikuwa baada ya alasiri. Umeme umekatika, chumba kile kile, dirisha moja, bati linatoa mlio wa jua. Jirani aliyekuwa akimwangalia alitoka kutupisha. Fundi alipomwona dada alijaribu kukaa, hakuweza. Nilitaka kumwinua, dada akanizuia kwa jicho.

Alikaa kwenye kigoda. Waliangaliana kitambo. Nilikuwa sijui nitie macho wapi, nikayatia kwenye dirisha.

"Nisamehe," Fundi akasema.

Dada alisogeza kigoda. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauweka juu ya kifua cha Fundi. Kiganja chote. Akafumba macho. Midomo yake ikaanza kucheza, na nikatambua anasoma nini, maana hakuna mtu aliyekaa nyumba ile asiyejua. Fundi naye alijua. Niliona pumzi yake inasimama. Alikuwa anamfuata kwa macho, aya kwa aya, kama wale wateja wake walivyokuwa wakifuatana mstarini, na uso wake wote, ule uliokufa na ule ulioungua, ulikuwa unangoja.

Dada hakufika Amin. Aliuondoa mkono.

"Bado," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila ya ukali na bila ya machozi. Mimi nilitaka kumwambia aongope, ni mtu anayekufa, neno moja litamgharimu nini.

Fundi alitikisa kichwa kidogo, taratibu, kama anavyomkubalia mteja aliyepima vizuri.

"Basi usifungue," akasema. Akavuta pumzi, akatafuta neno lililofuata. "Utaungua wewe."

Akafumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka kipajini, linashukia kwenye lile kovu, na mkono wake haukuweza kulifuta. Dada alikaa pale. Nilidhani ataondoka, nikasogea mlangoni nimfungulie. Lakini alipapasa chini ya kitanda, pale ambapo vitu vya Fundi viliwekwa siku zote, akatoa kipepeo cha ukili, kimechakaa, ukingo umefumuka. Akaanza kumpepea.

Alimpepea mpaka kifua kikatulia, mpaka akalala. Mkono wa kushoto ukachoka. Nikamwambia nipe mimi, dada. Hakunisikia, au hakutaka. Akakihamishia kipepeo kwenye mkono wa kulia, ule usioinuka kupita bega, akaendelea.